Msianze na "Una Ushahidi?": Barua ya Wazi kwa Walimu Wakuu wa Shule za Msingi

Ndugu walimu wakuu,

Nimestaafu baada ya kufundisha miaka 31, karibu yote katika madarasa ya chini ya shule za vijijini kando ya Ziwa Victoria. Sikuwahi kuwa mwalimu mkuu. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa upande wa pili wa meza yenu, upande wa mwalimu wa darasa anayebisha hodi saa nne, watoto wakiwa wanakunywa uji, ana jambo la mtoto moyoni na hajui aanzie wapi. Nawaandikia kuhusu dakika zile chache zinazofuata baada ya ninyi kusema "karibu". Nimeziona dakika hizo zikimwokoa mtoto, na nimeziona zikimmaliza.

Mwaka mmoja nilikuwa na darasa la nne lenye watoto 92. Katika daftari langu la mahudhurio, namba 37 alikuwa msichana wa miaka kumi, mkimya, mwandiko mzuri. Muhula wa pili alianza kubaki shuleni. Kengele ya kutoka ikilia wenzake wanatimua mbio, yeye anachukua ufagio na kufagia darasa ambalo wenzake wa zamu walikuwa wameshalifagia. Wiki ya kwanza nilimsifu mbele ya darasa kwa usafi wake. Wiki ya tatu akaniuliza kama nyumbani kwangu nina mtu wa kunitekea maji, maana yeye angeweza kuwa analala kwangu na alfajiri akanitekea. Mtoto wa miaka kumi alikuwa anaomba kazi ili asirudi kwao. Nilimuuliza kwao kuna nini. Akasema, "Baba mdogo." Akainamisha kichwa, na hakuongeza neno.

Nilikwenda kwa mkuu wangu siku ile ile. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, una ushahidi?" Sikuwa nao. Nilikuwa na ufagio na maneno mawili. Akaona busara ni kumwita yule baba mdogo shuleni aulizwe. Naamini mpaka leo alifanya hivyo kwa nia njema. Kesho yake namba 37 hakuja. Keshokutwa hakuja. Niliendelea kutia alama ya kutokuwepo wiki hadi wiki, na muhula ulipoisha nikaandika pembeni ya jina lake, kwa kalamu nyekundu kama utaratibu ulivyotaka: mtoro. Baadaye nilisikia kwamba amepelekwa kwa ndugu, mkoa mwingine.

Neno lile ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtoto alikuwa amefanya kila awezalo ili abaki shuleni, na mimi nikaliandika jina lake upande wa wakosaji.

Walimu wakuu, swali la ushahidi si lenu. Nimechelewa sana kulijua hilo. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, kinampa kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali ya mitaa ya eneo lake. Lisomeni tena lile neno la pili: taarifa. Sheria haikumtaka mwalimu wa darasa la nne awe mpelelezi, daktari na hakimu ndani ya saa ya uji. Ilimtaka akipata habari aifikishe. Wa kupeleleza wapo, wa kupima wapo, wa kuhukumu wapo. Asipokuwepo wa kufikisha habari, wote hao hawana kazi.

Tena hata huko mahakamani, neno la mtoto lina uzito ambao ofisini kwetu hatujawahi kulipa. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilipoirekebisha Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 127 kinairuhusu mahakama kumtia hatiani mtuhumiwa wa makosa haya kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Mahakama ya Rufani nayo ilisisitiza mwaka 2006 kwamba katika kosa la kujamiiana ushahidi ulio bora ni wa yule aliyetendewa. Jaji aliyesomea sheria anakubali kwamba mtoto anaweza kuaminika bila shahidi wa pili. Sisi tuliomfundisha mtoto huyo kusoma, tunaomjua hata namna anavyodanganya akiwa hajafanya zoezi la nyumbani, tunamwambia maneno yake hayatoshi hata kuandikiwa barua.

Najua mnachoogopa, kwa sababu nimeishi katika nyumba zile zile za walimu. Mwalimu mkuu anakaa kijiji kimoja na mtuhumiwa. Pengine mtuhumiwa huyo ndiye aliyechangia mabati ya darasa jipya. Pengine yumo kwenye kamati ya shule, au ni ndugu wa mwenye nyumba ambamo nusu ya walimu wake wamepanga. Mwalimu anayetoa taarifa anaitwa mchochezi, anatafutiwa visa, na siku ya kesi hulipa nauli mwenyewe hadi wilayani, halafu anaambiwa shauri limeahirishwa. Nimemwona mwenzangu akirudi hivyo mara tatu. Ndiyo maana naomba taarifa isitoke kwa mwalimu mmoja mmoja. Itoke shuleni, kwa barua yenye muhuri wa shule na sahihi ya mwalimu mkuu, iende kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, nakala kwa mtendaji wa kata na afisa elimu kata. Kijiji kinaweza kumtisha mwalimu mmoja mgeni. Kuitia hofu shule nzima ni kazi ngumu zaidi. Na pale barua itakapochelewa, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure, usiku na mchana. Andikeni namba hiyo ubaoni katika kila darasa, na watoto waikariri kama wanavyokariri jedwali la kuzidisha.

Kisha kuna suala la saa. Mtoto aliyebakwa akifikishwa hospitali mapema anaweza kupewa dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, lakini dawa hizo lazima zianzwe ndani ya saa 72. Baada ya hapo mlango huo umefungwa. Hesabuni pamoja nami. Jambo limetokea Jumanne usiku. Mtoto amemwambia mwalimu Alhamisi asubuhi. Mwalimu mkuu anasema tusubiri kikao na wazazi Jumamosi, maana baba yuko mnadani. Jumamosi saa nne asubuhi, wakati viti vinapangwa chini ya mwembe, zile saa 72 zimekwisha kupita. Hakuna aliyekusudia kumnyima mtoto dawa. Kikao ndicho kilichomnyima. Na siku hizo zote mtoto ameshaogeshwa, nguo zake zimefuliwa na kuanikwa, na kile ambacho daktari angekiona hakipo tena. Kwa hiyo mtoto akisema, apelekwe siku hiyo hiyo, na nguo alizokuwa amevaa zihifadhiwe bila kufuliwa. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha hospitali ya Amana jijini Dar es Salaam au cha Mnazi Mmoja kule Unguja, mtoto anakuta polisi, daktari na ustawi wa jamii mahali pamoja, na haimlazimu kuhadithia aibu yake dirisha hadi dirisha.

Mpunguzieni mtoto kuhadithia hata huko ofisini kwenu. Nimewahi kuona mtoto wa darasa la tatu akisimamishwa mbele ya walimu saba ili "aeleze vizuri". Alieleza kwa mwalimu wa kwanza. Kwa wale saba alilia tu, na mmoja wao akasema, unaona, anabadilisha maneno. Mtu mmoja amsikilize, yule aliyemchagua mwenyewe. Asimwahidi kwamba atamtunzia siri, kwa sababu siri hiyo haitunziki. Amwambie amefanya vizuri kusema, halafu aandike maneno ya mtoto kama yalivyotoka kinywani mwake, na tarehe, na saa. Mtoto akitumia neno la kitoto kwa sehemu ya mwili, liandikwe neno hilo hilo. Karatasi hiyo, pamoja na daftari la uandikishaji lenye tarehe yake ya kuzaliwa, ina kazi kubwa mbele ya hakimu: umri lazima uthibitishwe, na ni vyema mtu aliyesikia mara ya kwanza apatikane. Shule inavyo vyote viwili kabatini.

Halafu lipo lile neno "tumeyamaliza." Mara ngapi mmelisikia? Mama anakuja Jumatatu, hakuangalii usoni, anasema, mwalimu, wazee wamekaa, tumeyamaliza kifamilia. Ng'ombe wamehama zizi, au fedha zimelipa deni la pembejeo. Wakati mwingine mwalimu mkuu ndiye aliyekiandalia kikao hicho chumba, akiamini analeta amani. Kosa la jinai si la familia kulimaliza. Kwenye jalada la mahakama imeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, na Jamhuri haikuwepo chini ya mwembe ikipokea ng'ombe. Baada ya usuluhishi huo mtoto anarudi kulala nyumba ile ile, au anapishana na mtu yule yule njiani kwenda kisimani, sasa akijua kwamba wazazi wake wanajua na mwalimu wake anajua. Sijui upweke unaozidi huo.

Kuna jambo ambalo sisi walimu tunapaswa kulitamka kwa sauti yetu wenyewe. Kwa miaka mingi shule ilikuwa ikimwadhibu mtoto aliyekosewa. Sheria ile ya 1998 ilishasema kwamba kumwingilia mwanafunzi wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata kama mtu anadai msichana alikubali. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Lakini sisi tuliwapanga wasichana foleni tukawapima mimba, na aliyekutwa nayo tukamwandikia barua ya kufukuzwa. Sheria ilimwita mwathirika, daftari letu likamwita mkosefu wa nidhamu. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana hao wanaruhusiwa kurudi shuleni. Nilifurahi kwa machozi, kwa sababu niliwakumbuka waliosimama foleni mbele yangu, na hakuna hata mmoja ambaye nilimuuliza kwa upole ni nani aliyemfanyia.

Sasa niseme juu ya fimbo, na naomba mnisikilize hata mtakaokasirika.

Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mnajua na ninajua kinachotokea kweli: mwalimu wa zamu langoni na fimbo yake, mwalimu wa hesabu na fimbo yake, kiranja na yake. Agosti 2018 mtoto wa darasa la tano alifariki huko Bukoba baada ya adhabu ya shuleni, na nchi nzima ikatetemeka, kisha tukarudi kama kawaida. Mimi mwenyewe nilichapa. Nilichapa kwa kuchelewa, kwa kelele, kwa kutojua saba mara nane. Nilidhani nawafunza. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kila kiboko kilikuwa kinaniondoa kwenye orodha ya watu ambao mtoto angeweza kuwaambia. Mtoto anayepigwa nyumbani akija shuleni akakuta fimbo, anajifunza kwamba wakubwa wote ndivyo walivyo. Anayeogopa kuniambia kwamba hana daftari ataniambiaje kuhusu baba mdogo?

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009, ripoti yake ikatoka 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na karibu mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla hawajafikisha miaka 18. Niliposoma tarakimu hizo nilichukua lile darasa langu la watoto 92 nikapiga hesabu, ikanijia karibu watoto ishirini. Mimi nilikuwa nimemwona mmoja. Ripoti hiyo hiyo inasema takriban nusu ya watoto walipigwa na walimu. Mambo hayo mawili yamekaa katika ripoti moja, na kwangu ni jambo moja. Jirani zetu wa Kenya walikwisha piga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na mwaka 2010 tume yao ya walimu ilitoa waraka unaomtaka mwalimu mwenye habari za mwanafunzi kudhalilishwa kingono aripoti ndani ya saa 24, la sivyo anachukuliwa hatua za kinidhamu yeye mwenyewe. Kuandika waraka si kutekeleza, hilo nalijua. Lakini saa 24 zilizoandikwa zinampa mwalimu wa kawaida kitu cha kumwonyesha mkuu wake anayesitasita.

Wavulana tunawasahau. Mvulana aliyeharibiwa na binamu mkubwa au jirani huja shuleni akiwa mgomvi, anapigana bila sababu, na tunachokiona ni ugomvi. Ripoti ile ilionyesha wavulana wananyamaza kuliko wasichana. Mvulana akibadilika ghafla, muulizeni anacholala nacho moyoni kabla ya kuuliza amempiga nani.

Na wavulana kwa wasichana, kitu cha kwanza kubadilika kwa kawaida ni mahudhurio. Tunauita utoro rejareja: leo yupo, kesho hayupo, Jumatatu hayupo, siku ya gulio hayupo. Tunauhesabu, tunaupeleka kwenye taarifa ya mwezi, tunamwita mzazi alipe faini. Daftari la mahudhurio mwalimu analijaza kila asubuhi, na hakuna mtumishi mwingine wa umma, awe nesi au polisi au mtendaji, anayemwangalia mtoto yule yule usoni siku tano kwa wiki na kuandika. Msichana wa darasa la sita ambaye sasa anafika na bodaboda, ana chipsi saa nne na shilingi elfu mbili mfukoni, hajapata bahati. Kuna mtu anamnunua kidogo kidogo, na mwalimu wa darasa ndiye aliye mahali pazuri pa kuliona hilo tangu siku ya kwanza.

Nimeliacha mwisho lililo gumu kuliko yote. Wakati mwingine mkosaji ni mmoja wetu. Ni yule mwalimu anayemtuma msichana mmoja, kila siku huyo huyo, apeleke madaftari nyumbani kwake. Yule mwenye twisheni ya jioni inayoisha giza limeingia. Yule anayejitolea kila mwaka kusimamia kambi ya darasa la saba, wasichana wanapolala madarasani kujiandaa na mtihani. Walimu wa shule wanajua. Mara nyingi wanajua kabla ya mzazi yeyote. Tunachofanya ni kumwombea uhamisho. Anaondoka na barua nzuri, anapokelewa katika shule ya mbali isiyojua kitu, anapewa darasa. Mwalimu mkuu anayesaini uhamisho huo amempeleka kwa watoto wengine kwa mkono wake. Naomba msisaini. Taarifa iende polisi na Tume ya Utumishi wa Walimu, na mwalimu huyo akae mbali na wanafunzi mpaka ukweli ujulikane. Kwa walimu wa kiume wanaohofia kusingiziwa, nawaelewa, na najua kuna waliosemwa bure. Uchunguzi unaofanywa wazi na wenye mamlaka ndio unaoweza kumsafisha mtu asiye na hatia. Uhamisho wa kimya humwachia doa maisha yake yote. Madaftari yapelekwe ofisini. Twisheni iwe mchana, milango wazi. Kambi isiwepo kama hakuna mwalimu wa kike anayelala na watoto.

Sasa yanaundwa madawati ya ulinzi na usalama wa mtoto mashuleni. Nayafurahia, kwa sharti moja. Msimteue mwalimu wa dawati kwa sababu ana vipindi vichache, wala kwa sababu ni zamu yake kupata semina. Siku moja wakati wa mapumziko simameni dirishani mtazame watoto wa darasa la kwanza na la pili wanamkimbilia nani. Huyo ndiye.

Na Jumatatu mkifika kazini, kabla ya taarifa ya mwezi, naomba mfungue madaftari ya mahudhurio ya madarasa yote. Tafuteni majina yaliyoandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu muhula huu. Kwa kila jina, mwiteni mwalimu wa darasa mumuulize kama kuna mtu aliyefika nyumbani kwa mtoto huyo, na kama mtoto aliwahi kuomba abaki shuleni. Atakayewaambia kuna mtoto aliyeomba, mkalisheni, fungeni mlango, msikilizeni hadi mwisho, halafu chukueni karatasi yenye nembo ya shule na muhuri.

Mwalimu mstaafu,
Kanda ya Ziwa